Ndahani Alipojivuta Sikio

Jamani, leo nimejiaibisha kanisani. Mbele ya mchungaji, mbele ya mke wangu, mbele ya ukoo mzima kutoka Kibakwe. Na suti yenyewe ya kuazima!

Nawaandikia kutoka intaneti kafe, tai bado iko shingoni, kwa sababu najua Salome wa timu yetu atawaandikia kesho na ataongeza chumvi. Bora mnisikie mimi kwanza.

Mliosoma nasi chuoni mnamkumbuka Ndahani. Yule mrefu, mpole, aliyekuwa akirushiana nami kisahani cha plastiki, kile cha frisbee, nyuma ya bweni kila jioni, nanyi mkituita watoto. (Mlituita na majina mengine. Sijasahau.) Mwalimu wa kujitolea aliyetufundisha mchezo alipoondoka, alituachia sahani moja ya plastiki. Tukaunda timu ya chuo, tukashinda. Tulipopata kazi hapa Dodoma tukaunda klabu, tukaiita Zabibu, tukaenda Arusha tukarudi na kombe. Yeye anarusha, mimi nakimbia. Miaka kumi na moja sasa.

Kwa msioujua mchezo: mwenye kisahani haruhusiwi kutembea nacho. Anasimama pale pale, mpinzani yuko mbele ya pua yake anahesabu hadi kumi, na lazima arushe kabla ya kumi. Ndahani akibanwa, hajui arushe wapi, hujivuta sikio la kushoto. Hiyo ndiyo alama yetu tangu chuo. Nikiiona sifikiri. Natimua mbio hadi mwisho wa uwanja bila kutazama nyuma, nikigeuka nakuta kisahani kinanijia. Hakijawahi kukosekana. Hata siku moja.

Leo Ndahani alikuwa anaoa. Mimi na mke wangu, Mama Neema, tulikuwa wasimamizi. (Yaani watu wazima wenye ndoa yao, wa kuwafundisha maharusi utulivu. Endeleeni kusoma.) Bibi harusi, Upendo, ni mwalimu, kwao Kibakwe, na mjomba wake hakuwahi kutuelewa. Siku tulipopeleka posa alituuliza, "Hivi kweli mtu mwenye ndevu anashinda uwanjani anarusha sahani? Huyo akichoka si atamwacha mtoto wetu?" Nikamwapia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu: "Mjomba, Ndahani si mtu wa kukimbia."

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki hii yote sikuwa sawa. Ndahani amepata uhamisho, Jumatatu wanaondoka kwenda Sumbawanga. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli. Lakini nilikuwa nakaa pale masjala, majalada mbele yangu, najiuliza nani atanirushia. Mtu mzima, baba wa mtoto! Nilijionea haya, ila huzuni haikuondoka.

Basi, saa nne tukawa kanisani. Joto lilikuwa kali. Mjomba alikataa kukaa mbele na ndugu zake, akachagua kiti karibu na mlango ili aone nani anatoka. Salome, beki wetu wa Zabibu, alikaa benchi la nyuma na viatu virefu.

Mchungaji akauliza, "Ndahani, unakubali Upendo awe mke wako?"

Ndahani akafungua mdomo, akaufunga.

Nikamtazama. Namjua yule mtu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, neno halitoki. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, pete mfukoni, na bila kujua nikaanza kuhesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu. Watu wakaanza kukohoa. Sita. Saba.

Akajivuta sikio la kushoto.

Ndugu zangu, nilikimbia.

Wala sikukimbia kidogo. Nilitimua mbio katikati ya kanisa, koti linapepea. Nikamsikia mke wangu nyuma, "Baba Neema! Baba Neema!" Sikusimama. Halafu Salome, Mungu amsamehe, naye akainuka! Kila Jumamosi mazoezini kazi yake ni kunikaba mimi, sasa kuniona nakuja tu, akaruka kutoka kwenye benchi, mikono ameitanua, viatu vinagonga sakafu. Nikamchenga. Nikampita. (Nikafurahi pia, sitawaficha.) Nilipofika mlangoni nikageuka, nikaruka juu, nikakutanisha viganja kudaka.

Nikadaka hewa.

Bibi mmoja akadhani ni sehemu ya ibada, akapiga vigelegele.

Mjomba akanishika ukosi. "Pete ziko wapi?"

"Mfukoni, mjomba."

"Ulikuwa unazipeleka wapi?"

Swali zuri. Akanipekua mbele ya kanisa zima, mfuko mmoja baada ya mwingine, kama mwizi wa kuku. Alipokipata kisanduku akakifungua, akahakikisha ziko mbili. "Kuanzia sasa nazishika mimi," akasema.

Mchungaji akaita kutoka mbele, "Ndugu msimamizi! Una pingamizi na ndoa hii?"

Mchezo wetu hauna refa. Aliyekosea hunyoosha mkono, anasema mwenyewe. Sikujua la kufanya, nikanyoosha mkono. "Hapana, mchungaji. Kosa ni langu."

Kule mbele mkono mwingine ukanyooka. Wa bwana harusi.

"Hapana, mchungaji, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia akimbie."

Mnaweza kufikiria ukoo wa Kibakwe ulivyoguna! Mjomba akafunga kisanduku, akakitia kwenye mfuko wake wa ndani. Nikaona ndoa ya rafiki yangu inavunjika, na miguu iliyoivunja ni yangu. Hapo sikuona kichekesho chochote. Niliogopa sana.

Upendo akamgeukia Ndahani. Huyu dada amekaa kando ya uwanja wetu miaka mitatu, sikio lile analijua vizuri.

"Umebanwa?" akamuuliza, taratibu.

"Nimebanwa. Si kwamba sitaki. Neno halitoki."

"Basi mwache Baba Neema apumzike. Nirushie mimi."

Ndahani akamtazama. Mabega yakashuka. "Nakubali," akasema, kwa sauti iliyonifikia mimi mlangoni.

Kanisa likalipuka. Mimi nilikuwa bado nimeshikwa ukosi, nikajikuta nalia. Nilimfurahia. Pia niliumia, nisiseme uongo, kwa sababu nilielewa pale pale kwamba akibanwa tena hatanihitaji mimi.

Mjomba alizipeleka pete mwenyewe. Baadaye, kwenye chakula, aliniletea sahani ya pilau kwa mikono miwili. "Hii usirushe," akasema. Akakaa kando yangu, akala, kisha akaongeza, "Uliniambia Ndahani si mtu wa kukimbia. Nakubali. Ulisema kweli." Mama Neema hajanisemesha hadi sasa.

Haya, nusu saa yangu hapa inaisha. Mkitaka kucheka, chekeni, siwezi kuwazuia. Ila katikati ya kucheka, mmoja wenu ajifunze kurusha kisahani, maana mmeona wenyewe: mimi kukimbia bado najua.