Ekseli ya Kepher na Miguu ya Mama Mkwe

Gekara aliisikia ile baiskeli kabla ya kuiona. Ka! Ka! Ka! Ilikuwa ikipanda kuelekea soko la Chepilat, na kila mara mguu wa kulia wa mwenyewe ulipokanyaga, kitu kililalamika chini. Fundi mwingine angesema maskini. Gekara alisema, "Asante Mungu," akavaa koti lake jeusi upesi, maana mgonjwa humwamini daktari mwenye koti.

Koti lenyewe lilikuwa la ukweni. Jumapili alitakiwa kwa Mzee Ongeri akajieleze kuhusu binti yake Bonareri, na mzee alikuwa ameshaambiwa kwamba kijana ana baiskeli yake mwenyewe. Aliyemwambia ni Gekara. Baiskeli zote zilizokuwa kibandani kwake zilikuwa za watu. Bonareri alikuwa amemwonya: baba akimshika na uongo mmoja tu, mambo yameisha. Na Gekara alimpenda msichana yule kwa dhati, jambo lililokuwa geni kwake na lililomtia hofu.

Mwenye baiskeli aliitwa Kepher, mtu mwembamba wa upande wa ziwa, aliyezunguka mashamba ya chai akiuza dawa ya minyoo.

"Fundi, nimetoka nayo Boito. Barabara ni mawe tupu. Hii kitu inalia mpaka ng'ombe zinakimbia."

"Pole, bwana. Hebu tulaze mgonjwa."

Akaipindua, akaitoa cheni, akazishika krenki, ile mikono miwili ya chuma inayobeba pedali, akazisukuma kando, huku na huku. Sasa, ukweli wa kazi hii ni mfupi. Krenki zote mbili zikicheza pamoja, ekseli na gololi zake zimeliwa na safari. Ikicheza moja peke yake, ni pini yake tu imelegea, na dawa yake ni nyundo. Ya Kepher ilicheza moja. Gekara akatikisa kichwa kama mchungaji kaburini.

"Ekseli imekwisha. Gololi zimekuwa unga. Weka sikio hapa."

Kepher akaweka sikio. Gekara akaitikisa ile krenki iliyolegea. Ka!

"Umesikia? Hiyo ni roho inatoka."

"Na ekseli mpya?"

"Mpaka Kericho. Na huko wenyewe wanangoja meli."

Kepher akashika tama. Gekara, kwa huruma iliyomshangaza hata yeye, akajitolea kuuchukua mzoga ule na kumpa badala yake koti, koti la sufu, ambalo mtu anaweza kuvaa mpaka mbele ya Diisii, mkuu wa wilaya. Alikuwa amepima mwenyewe: mtu asiye na koti lakini amepanda baiskeli bado ni bwana harusi, ila mwenye koti na miguu yenye vumbi ni mhubiri tu.

"Hii koti si ni ya sherehe?" Kepher aliuliza, akipapasa kitambaa.

Hapo ndipo Gekara alipofungua mdomo. Ushindi ulikuwa umemlevya. Akaeleza yote: Bonareri, Mzee Ongeri, Jumapili, hata kwamba yeye na mama yake Bonareri hawajawahi kuonana, na kwamba kwa chinsoni, ile heshima ya Wagusii, hatathubutu kumtazama usoni mama mkwe huyo maisha yake yote. Mdomo huponza kichwa, na wa Gekara haukuwahi kuchelewa kazini.

"Nyinyi watu muko na heshima sana," Kepher alisema, akavaa koti, akaenda zake.

Gekara akaigonga pini kidogo, akarudisha cheni, akazungusha. Kimya. Hata panya hakulia. Alikuwa bado anaipangusa vumbi akijichekea aliposikia sauti ya mwanamke ikimsalimu mgongoni.

"Bwakire. Wewe ndiyo Gekara? Mimi ni mama ya Bonareri."

Gekara, aliyekuwa ameanza kugeuka, alirudisha uso kwa kasi mpaka akagonga pua kwenye nguzo ya kibanda. Alichoona cha mama yule ni miguu tu, mitupu, yenye tope jekundu, na pindo la leso.

"Karibu, mama," aliiambia nguzo.

"Nimetoka kusaga mahindi. Gunia imenishinda kubeba. Nilisikia uko na baiskeli. Ama ilikuwa uongo?"

"Iko, mama! Uongo hakuna!"

"Basi nipatie nisukume gunia nayo. Jumapili utaikuta nyumbani."

Angekuwa mteja, Gekara angeuliza gunia liko wapi. Lakini mkwe anayebishana na mama mkwe amejizika mwenyewe. Akaisukuma baiskeli nyuma kwa kisigino, uso ukiwa bado kwenye nguzo, akaisikia ikiondoka bila hata ka moja. "Kazi safi," alijisifu, na kweli ilikuwa safi.

Jumapili akafika kwa miguu, bila koti. Wazee walikuwa wamekaa.

"Baiskeli iko wapi?" Mzee Ongeri aliuliza.

"Si mama alikuja nayo, baba? Alinipata Chepilat."

"Mama gani?"

"Mama Bonareri."

"Mama Bonareri alivunjika mguu mvua ikianza. Hajatoka kwa hiyo chumba mpaka leo."

Gekara akaiona kazi yote kwa mara moja, kuanzia kwa Kepher na sikio lake la unyenyekevu mpaka kwa mwanamke aliyemtuma kuifuata baiskeli, na kama fundi ilimbidi aivulie kofia.

"Huyo mwanamke alikuwa namna gani?" mzee alikaza. "Mrefu? Mfupi? Uso yake ilikuwaje?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, pamoja na pengo, kovu na kilemba cha kijani. Lakini uso wowote ambao angeutaja ungekuwa uso wa mtu aliyeamini ni mama mkwe wake, na kuutaja ni kukiri kwamba aliutazama. Nyuma ya mlango alimsikia Bonareri akishusha pumzi, naye akaumeza ule uongo.

"Sijui, baba. Niliangalia nguzo."

Wazee wakaangua kicheko mpaka mmoja akakohoa.

"Wewe ni mjinga," alisema Mzee Ongeri.

"Ndiyo, baba."

"Mjinga kabisa."

"Kabisa, baba."

Kutoka chumba cha ndani ikaja sauti ya mwanamke ambayo Gekara hakuwahi kuisikia, nzito, yenye uchovu wa kulala.

"Ongeri, patia huyo kijana kiti. Mwenye akili angeangalia."