Nati ya Juu, Nati ya Chini

Jumatatu, 9 Januari

Jumamosi nampeleka kitindamimba wetu chuoni. Mwendo wa saa sita, mimi na yeye tu. Mama yake ana zamu hospitalini, kwa hiyo hakuna wa kunikatiza. Nimeandaa mambo kumi na moja ya kumwambia. La kwanza: asikubali kitu kwa sababu tu mkubwa kasema. La kumi na moja ni kwamba nitamkumbuka. Hilo nimeliweka mwisho, karibu na lango la chuo, nisije nikashindwa kuendesha.

Gari liko tayari isipokuwa difu, lile bakuli la gia katikati ya magurudumu ya nyuma. Linalia, kama mtu anayenung'unika huku kafunga mdomo. Oili yake haijabadilishwa tangu tulinunue gari. Kitabu kinasema ni kazi ya saa moja nyumbani. Jirani yetu fundi, ambaye gereji yake iko nyuma ya ukuta wetu, anasema nimpelekee. Simpelekei. Mwaka jana niliandika gazetini barua tatu kuhusu mafundi wanaotugeuza watumwa wa magari yetu wenyewe. Ya tatu ameibandika kwenye mlango wa choo cha gereji. Nimeiona. Imekatwa vizuri, kwa mkasi.

Jumanne, 10 Januari

Nimeinua gari kwa jeki, nimeliweka juu ya stendi, nimeingia chini. Nati mbili. Moja chini kabisa, ya kumwagia oili chafu. Nyingine juu yake, ubavuni, ya kujazia mpya. Fundi akachungulia juu ya ukuta, kasimama sijui juu ya nini, akaniita Mzee wa Barua. Akasema nianze kulegeza ya juu. Nikamuuliza ya chini ina kosa gani. Akasema haina kosa, ila nianze ya juu. Nikamwambia mwenye hoja hutoa hoja, asiye nayo hutoa amri. Akajibu kwamba chai yake inapoa, akashuka.

Kichafu hutoka kwanza ndipo kisafi kiingie. Hata mtoto huoga kabla ya kuvaa. Nikafungua ya chini. Ikalegea kwa adabu. Oili ikashukia kwenye beseni, nyeusi, inanuka kama yai lililosahauliwa. Nikapiga mluzi ili nisikike upande wa pili.

Kisha nikaenda kwenye ya juu. Haifunguki.

Jumatano, 11 Januari

Bado haifunguki. Nimevalisha mpini wa spana kipande cha bomba ili nipate nguvu. Spana ikateleza, nikajiponda kidole gumba, kona za nati zikalika zote. Sasa ni duara kama kifungo cha koti.

Ndipo nikaelewa. Difu tupu haiendeshwi. Itajisaga yenyewe kabla hatujafika mbali. Ningeanza na ya juu, ingegoma, ningerudisha spana kabatini, oili chafu ingebaki mahali pake na gari lingetembea, likinung'unika. Kumbe hoja ilikuwapo. Jamaa alikuwa nayo muda wote, akaona bora chai.

Mke wangu ameuliza kama Jumamosi iko palepale. Nimesema iko. Akanusa, akasema nitalala sebuleni.

Alhamisi, 12 Januari

Mpango. Oili isipoingia kwa juu, itaingia kwa chini. Nimechukua bomba la kunyunyizia dawa ya maua, nikaunga mpira, nikauchomeka kwenye tundu la chini na kuziba kandokando kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Nikapampu. Oili ikapanda. Yote, bila kumwagika hata tone. Nikabaki nimelala pale, nikitunga barua ya nne.

Tatizo nililigundua baadaye. Ili nati irudi, lazima kwanza mpira utoke.

Nina mikono miwili. Ilihitajika minne. Oili ikaniingia masikioni, ndevuni, ndani ya shati. Harufu haitoki kwa sabuni, haitoki kwa ndimu, haitoki kwa majivu. Kitindamimba akaleta taulo, akachuchumaa, akaniuliza polepole kwa nini nisimwombe tu mjomba wa gereji. Nikamwambia kuna mambo ya msingi. Akasema anajua, baba. Alisema kama mtu anayemsemesha mgonjwa.

Ijumaa, 13 Januari

Mpango wa pili: nimfanye afungue bila kuombwa. Nimesimama kando ya ukuta nikampigia simu rafiki asiyekuwapo, nikasema kwa sauti kwamba mtaa huu hauna mwanamume wa kuiweza nati hii. Kichwa cha fundi kikatokeza, kikauliza kama huyo rafiki ananisikia vizuri, maana simu yangu iko hapa juu ya ukuta tangu asubuhi. Nilichoshika sikioni ni mfuko wa miwani.

Akasema ni kazi ya dakika kumi. Anachomelea nati mpya juu ya iliyolika, joto linailegeza, anazungusha, basi. Nimwambie tu "naomba". Hataki kingine, hata barua ya kukanusha hataki. Akangoja, mkono juu ya ukuta. Kitindamimba alikuwa dirishani anakunja nguo zake, naye akangoja. Neno likapanda mpaka kooni. Nikajisikia nikisema kwamba nati ile ilitengenezwa vibaya tangu kiwandani.

Fundi akasema sawa, Mzee wa Barua. Dirisha likafungwa.

Jumamosi, 14 Januari

Wameondoka alfajiri. Kwa gari la fundi. Kitindamimba alimwomba mwenyewe jana jioni, wala haikumchukua dakika. Alimwomba aifungue na nati pia. Fundi akamjibu kwamba nati ni ya baba yake, lakini safari ni ya mtoto.

Nilitaka kwenda nao. Nyuma kulijaa godoro, ndoo na sanduku. Nikasema hata hivyo nina kazi.

Alinikumbatia kwa mbali, kifua kakirudisha nyuma, kwa sababu ya harufu. Kisha akabadili nia, akanikumbatia kwelikweli, na blauzi yake nyeupe. Nikampa karatasi ya mambo kumi. La kumi na moja sikuliandika, nilidhani nitalisema dirishani. Dirishani nikamwambia aangalie upepo wa matairi.

Gari la fundi halilii hata kidogo. Nililisikiliza mpaka likakata kona.

Jumapili, 15 Januari

Amepiga simu. Wamecheka njia nzima. Mjomba alimsimulia jinsi yeye alivyopelekwa na baba yake kazini siku ya kwanza, kwa baiskeli, bila kuambiwa neno, na kwamba mpaka leo anakikumbuka kila kilima. Nikamuuliza kuhusu mambo yangu kumi. Amesema ameyasoma. Amesema pia blauzi ameifua mara mbili na bado inanukia harufu yangu. Sikujua kama ni lawama. Kabla sijauliza, mtandao ukakatika.

Mchana fundi akaingia langoni na mashine yake ya kuchomelea. Sikumwomba. Dakika tisa. Akajaza oili mpaka ikachuruzika tunduni, akakaza, akafuta mikono. Nikasema asante, nikilitazama gurudumu. Akiwa anatoka akasema mtoto alimwambia kitu njiani: kwamba angependa zaidi gari linalolia, akiwa na mimi ndani yake.

Sikula jioni.

Jumatano, 18 Januari

Difu kimya kabisa. Na kwa kuwa imenyamaza, sasa naisikia giaboksi.

Chuo kinafunga Aprili. Nitakwenda kumchukua mwenyewe. Saa sita nzima, na lile la kumi na moja nitaanza nalo. Kwa hiyo oili ya giaboksi lazima ibadilishwe, na mapema, ili pasiwe na haraka.

Giaboksi nayo ina nati mbili. Fundi amechungulia, akasema nianze ya juu. Nimemuuliza kwa nini. Akasema najua kwa nini. Hiyo si hoja.

Ya chini imelegea vizuri sana.