Magurudumu Manne ya Shemeji

Karatasi ilikuwa ndogo, imebandikwa ndani ya rimu, na watu tisini na tisa kati ya mia wangeibandua na kuitupa bila kuisoma. Profesa aliisoma mara mbili. "Baada ya kufunga magurudumu mapya, endesha kilomita themanini, kisha kaza nati upya."

Mtu wa kawaida angeona hapo ushauri wa usalama. Profesa aliona mteja ambaye amekwisha kulipa, anarudi mwenyewe, kwa mafuta yake mwenyewe, anakabidhi funguo na kusema asante.

Hakuwa profesa wa chochote. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu ya miwani yake ya vioo vitupu, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Gereji aliyoisimamia ilikuwa ya mume wa dada yake, pamoja na jeki, pamoja na turubai lililoigawa gereji sehemu mbili, pamoja na hayo magurudumu manne mapya. Shemeji alikuwa ameyanunua kwa ajili ya gari lake, akayaacha pale na kusafiri. "Nikirudi Ijumaa ya wiki ya pili nayakuta hapa," alisema. "Nisipoyakuta, na wewe nisikukute." Shemeji hakuwa mtu wa maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo aliyatekeleza.

Mpango ulikuwa mwepesi. Gari la shemeji lilikuwa la aina ambayo nusu ya mji ilikuwa nayo, yote yakiwa na rimu zile zile za kiwandani. Profesa alitangaza magurudumu mapya kwa nusu ya bei ya dukani. Mteja alikuja, akafungiwa, akaacha ya zamani kama sehemu ya malipo. Alipoondoka, Profesa aliyasugua hayo ya zamani, akazipaka rimu rangi ya fedha na tairi dawa ya kung'arisha, akayaweka nyuma ya turubai. Kilomita themanini baadaye mteja alirudi kukaziwa nati.

"Kaa hapo kwenye kiti, kaka. Nyuma ya turubai wateja hawaingii. Usalama kazini."

Nusu saa baadaye mteja aliondoka na magurudumu yake mwenyewe, yakimeta, na magurudumu ya shemeji yalikuwa yamerudi ukutani. Wateja wanne walinunua hivyo. Hakuna aliyeuliza kwa nini kitu kipya kinauzwa nusu bei. Swali hilo lina kawaida ya kuharibu bei. Mmoja hata alirudi kumsifu.

"Profesa, tangu umekaza mara ya pili, gari limekuwa kama zamani!"

"Ndiyo faida ya kukaza," alisema Profesa, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa amesema kweli.

Wa tano alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye gari safi kuliko umri wake. Alifika Jumanne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya ndiyo ya nusu bei?"

"Hayo hayo, mama yangu. Mzigo wa mwisho."

Alisimama karibu akatazama, mikono nyuma. Profesa aliingiza nati ya kwanza, akaikaza mpaka mwisho, akaifuata ya jirani yake, akazunguka hivyo duara zima, gari likiwa bado juu ya jeki. Mwisho alipanda juu ya mpini wa spana kwa miguu yote miwili, akaruka kidogo. Wateja hupenda kuona jasho.

"Unakaza kwa kuzunguka," alisema yule mama.

"Kama saa inavyokwenda, mama. Kisayansi."

"Na kipimo unakijuaje?"

"Mguu, mama. Mguu wangu una uzoefu wa miaka kumi na miwili."

"Naona," alisema mama, akalipa. Profesa akamhubiria habari ya kilomita themanini kwa sauti ya mtu aliyewahi kuzika wateja wasiosikia. Mama aliitikia kwa kichwa, akaacha namba ya simu na mtaa anaokaa, akaondoka.

Jumatano hakuja. Alhamisi Profesa alipiga simu.

"Mama, kilomita zimefika?"

"Zimefika jana. Nimekaza mwenyewe."

Profesa alikaa. Aliwahi kufikiria polisi, aliwahi kufikiria mteja mkorofi, aliwahi hata kufikiria mvua. Mteja anayejikazia nati mwenyewe hakuwahi kumpitia akilini.

"Mama, hiyo ni hatari! Hiyo ni roho yako!"

"Nakushukuru kwa kunijali, mwanangu. Usiku mwema."

Ilikuwa saa nne asubuhi.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na shemeji alitarajiwa jioni. Profesa alikodi pikapu, akapakia magurudumu ya zamani ya yule mama, yamepakwa rangi, akayafunika turubai, akafika nyumbani kwake na tabasamu pana.

"Huduma ya nyumbani, mama! Bure kabisa. Nipe funguo, wewe nenda kapumzike ndani."

Uwanja wa nyumba ulikuwa wa saruji, umefagiliwa. Kwenye ukuta kulikuwa na ubao mkubwa wa zana, na kila zana ilichorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana ijulikane. Hakuna umbo lililokuwa wazi. Profesa aliutazama ubao ule kutoka juu hadi chini.

"Mama ni fundi?"

"Nimefundisha mafundi. Miaka thelathini na mmoja, chuo cha ufundi. Nimestaafu." Alichukua kutoka ukutani spana ndefu yenye namba shingoni. "Hii inaitwa spana ya kipimo. Unaiwekea nguvu inayotakiwa, ikifika inalia. Haihitaji mguu wenye uzoefu. Kaa, nikuoneshe."

"Mama, mimi nina haraka kid—"

"Kaa."

Alikaa. Mama alieleza bila kupandisha sauti. Nati zote unaziingiza kwanza kwa vidole, ili rimu ikae sawa. Nyuzi za bolti unazisafisha kwa brashi, huzipaki mafuta. Ukimaliza nati ya juu, unavuka upande wa pili, si kwenda kwa jirani, kwa sababu ukimfuata jirani unaibana rimu upande na upande mwingine unabaki hewani. Kisha unalishusha gari tairi iguse chini, ndipo unapotumia kipimo. Alivuta spana mara moja. Klik. Akavuka. Klik.

"Ulivyofunga wewe, nati mbili niliweza kuzitoa kwa mkono. Tatu ilibidi nitumie bomba la futi nne. Kwenye gurudumu moja."

"Bahati mbaya, mama. Ndiyo maana nimekuja."

"Hapana." Mama alirudisha spana kwenye umbo lake. "Nimefundisha wavivu, nimefundisha wezi, wawili nimefundisha wakawa mawaziri. Sijawahi kuona fundi anayemfuata mteja nyumbani amkazie nati bure. Nikajiuliza, huyu anataka nini kwenye hili gari? Nati hataki." Akaenda hadi kwenye pikapu, akainua pembe ya turubai. Magurudumu yake mwenyewe yalimeta juani. "Loo. Umeyapaka rangi. Vizuri sana, nilikuwa natafuta mtu."

Kuna wakati ambapo hata mtu wa maneno huona maneno hayatoshi. Profesa alijaribu mawili matatu. Alisema kiwanda kimeyaita magurudumu yarudi. Alisema ana mtoto mgonjwa. Mwisho, kwa kukosa uongo mwingine karibu, alisema ukweli.

"Mama, hayo niliyokufungia ni ya shemeji yangu. Anarudi leo. Ataniua."

"Kumbe. Basi nitakuuzia."

"Mungu akubariki, mama! Nakurudishia hela yako yote."

"Bei ya dukani."

"Ya dukani? Mama, ulinunua nusu!"

"Ndiyo. Na wewe ulinunua kwa ngapi?"

Profesa alihesabu kwa vidole. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza hivyo, na hesabu yake ilikuwa mbaya upande wowote.

Alilipa. Faida yote iliyosalia ya wateja wale wanne ilitoka mfukoni, na juu yake akaongeza hela ya kukodi pikapu. Mama hakumruhusu aondoke bila kubadilisha magurudumu mwenyewe, kwa vidole kwanza, kwa kuvuka, gari chini, kipimo mia na kumi, naye amesimama pembeni mikono nyuma. Gurudumu la tatu alilifungua akalifunga mara tatu. Alipomaliza la nne mama alisema, "Hilo ni zuri," na Profesa, kwa aibu yake, alifurahi.

Alifika gereji dakika kumi kabla ya shemeji. Aliyapanga ukutani, akayapangusa, akapumua.

Shemeji aliingia, akaweka begi chini.

"Salama, shemeji?"

"Salama kabisa! Magurudumu yako hayo, hata mbu hajayagusa."

Shemeji alichuchumaa. Alipitisha kiganja juu ya tairi, taratibu, kama anayempapasa mtoto kichwani.

"Tairi mpya huwa na vinyweleo vya mpira," alisema. "Vya hizi vimekwenda wapi?"

"Hali ya hewa, shemeji. Joto."

Shemeji aliingiza kidole kwenye tundu la nati. Rangi ilikuwa imekwanguka pembeni, pete juu ya pete, kila moja imepishana kidogo na mwenzake. Alihamia tundu la pili. Alikuwa akisogeza midomo.

"Haya yamefungwa mara tano," alisema.

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Haikusaidia, kwa kuwa haikuwahi kusaidia.

"Mimi nililipia mapya," alisema shemeji akisimama. "Haya ni mitumba. Chukua wewe mitumba yako. Mimi utaninunulia mapya, dukani, kesho asubuhi, mbele yangu. Koti lako la ngozi litaanza, tutaona litafika wapi. Dada yako nimeshampigia simu, anasema na redio yako ni nzuri."

Kesho yake asubuhi koti na redio, na kitu kidogo cha kujazia, vilifika bei, kwa shida. Kwa hiyo, kwa haki na kwa sheria, baada ya kuyauza kwa watu watano, Profesa mwenyewe ndiye aliyeyamiliki yale magurudumu manne, na alikuwa ameyalipia mara mbili ndani ya saa ishirini na nne. Aliyapanga chumbani kwake moja juu ya jingine, akaketi juu yake, kwa kuwa shemeji alikuwa amechukua na kiti. Gari hakuwa nalo.