Foleni ya Kushauriwa

Kwa furaha isiyo na mipaka, Idara ya Ushauri wa Awali, ambayo mimi ndiye mkurugenzi wake wa kwanza na, kwa maoni ya wote walio chini yangu, bora kuliko wote watakaofuata, inautangazia umma kwamba kuanzia muhula huu hakuna mwanafunzi mpya atakayekanyaga sakafu ya chuo akiwa hajashauriwa.

Zamani mambo yalikuwa holela. Kijana alipata barua ya kuchaguliwa, akafunga sanduku, akaja, akasajiliwa, akaingia darasani. Basi! Nani alimwambia namna ya kutunza muda? Mama yake. Nani alimfundisha kujitegemea? Kaka yake, au jirani. Watu wasio na sifa yoyote, wasio na hata mhuri, walikuwa wanashauri vijana jikoni huku wakimenya vitunguu. Nilipoligundua jambo hili nilikosa raha siku mbili nzima, kisha nikaandika Waraka Namba Moja.

Ni waraka mfupi, kurasa sitini na nne tu. Mwanafunzi atapita madirisha manne, moja kila upande wa jengo la utawala. Dirisha la Kwanza linashauri kuhusu kutunza muda. La Pili linashauri kujitegemea, na hapo sharti mwanafunzi aje na mlezi wa kumsainia. La Tatu linaeleza umuhimu wa kuuliza maswali, na ili kazi iende haraka, maswali hayaruhusiwi. Kila dirisha linagonga mhuri kwenye kadi. Mwenye mihuri mitatu anapewa Cheti cha Kushauriwa kwenye Dirisha la Nne, na kwa cheti hicho mlinzi anamruhusu kuingia ndani kwa karani wa usajili. Kifungu cha tisa, ninachokipenda kama mwanangu wa kumzaa, kinasema mtu yeyote asiye na cheti haingii jengoni. Cha kumi kinasema mhuri unakufa jua likizama, maana ushauri ukilala unachacha.

Na niseme wazi, kwa sababu wenye midomo hawakosekani: foleni yetu ilisonga. Tangu Jumatatu nilisimama ofisini kwangu ghorofani na kikombe changu cha chai, sikuiona imesimama hata mara moja. Sura zilezile zilipita asubuhi, zikapita mchana, zikapita tena kesho yake. Nilifarijika kuona vijana wameipenda huduma hadi wanairudia.

Jumatano nilishuka mwenyewe kwenye Meza ya Kusalimisha Ushauri wa Nyumbani, kwa ajili ya picha ya jarida letu. Akaja binti mmoja mrefu, mkononi ana barua ya kuchaguliwa kusomea ukunga. Nyuma yake alikuwa shangazi yake, fundi cherehani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni na mfuko wa sare nyeupe kwapani.

“Shikamoo, mkurugenzi,” binti akasema.

“Marahaba. Una ushauri wowote uliotoka nao nyumbani?”

“Ninao mmoja tu. Wa shangazi.”

“Usalimishe. Tutauandika daftarini, utarudishiwa siku ya kuhitimu.”

Shangazi akadakia kabla hajaulizwa. “Mimi nilimwambia hivi, baba: ukikuta foleni, uliza kwanza inakwenda wapi.”

“Huo ndio ushauri?”

“Ndio huohuo. Nimeutumia miaka mingi, haujanitupa.”

Nikaandika: namba mia tatu na kumi na mbili, wa kienyeji, hauna vyanzo. Mpiga picha akacheka, nami nikacheka kidogo, kwa kiwango cha cheo changu.

“Sasa tuelekezane,” shangazi akaendelea, maana watu wa aina hii hawajui wameshaagwa. “Huyu mtoto amerudia mtihani mara mbili kuipata nafasi hii. Barua inasema usajili unafungwa Ijumaa saa kumi alasiri. Asiposajiliwa, nafasi anapewa mwingine. Tutawahi?”

“Mama,” nikamjibu, “hebu itazame foleni. Unaiona ikisimama?”

Akaitazama. Akakubali kwamba haijasimama. Wakaingia kwenye foleni.

Nakiri kulikuwa na mambo madogo madogo. Afisa wa Dirisha la Kwanza, ambaye wanafunzi wanamwita Bwana Subiri, alikuwa anafungua saa tano, kwa kuwa kuanzia saa mbili alikuwa akiandaa hotuba yake ya kutunza muda. Kwenye Dirisha la Pili binti alisema ana miaka ishirini na mmoja na anaweza kusaini mwenyewe. Akaelezwa kwa upole kwamba kujitegemea bila idhini ya mlezi ni ukaidi. Shangazi akasaini. Walipokaribia Dirisha la Tatu jua likazama, mihuri yote miwili ikafa, na Alhamisi wakaelekezwa Dirisha la Kwanza kuanza upya pamoja na wenzao. Alhamisi ikaenda hivyohivyo. Siku nzima binti hakulalamika. Shangazi alilalamika kwa niaba ya wote wawili.

Ijumaa saa saba mchana, akiwa amefika karibu na Dirisha la Tatu, binti akanyoosha mkono.

“Samahani, foleni hii inakwenda wapi?”

“Hapa ni pa umuhimu wa kuuliza maswali,” afisa wangu akamjibu kwa ukamilifu. “Usiulize.”

Hapo ndipo binti alipofanya kosa la kinidhamu. Alimwachia shangazi nafasi yao, akatoka pembeni, akaanza kuifuata foleni kwa miguu kuelekea mbele. Alipita Dirisha la Tatu, akakata kona, akapita Dirisha la Nne, ambalo lilikuwa halijatoa cheti hata kimoja kwa kukosa mtu mwenye mihuri mitatu iliyo hai. Nikamfuata kwa macho kutoka ghorofani, dirisha hadi dirisha, chai mkononi. Akakata kona nyingine, akapita kwa Bwana Subiri, akakata nyingine tena, akapita Dirisha la Pili, akakata ya mwisho, akatokea nyuma ya mgongo wa shangazi yake.

“Umerudi mara hii?” shangazi akashtuka.

“Sijarudi, shangazi. Nimekwenda mbele tu.”

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikalizunguka jengo lote, kikarudi kilikoanzia. Vijana wakaketi chini. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu foleni ilisimama, na nasema bila kuficha kwamba niliumia moyoni.

Saa nane kamili gari la Mkuu wa Chuo likaingia. Nikashuka mbio kumlaki, hata funguo nikaziacha mezani. Yule mama ni mfupi na hana mazungumzo. Mkononi alikuwa na karatasi moja kutoka kwa karani wa usajili.

“Mkurugenzi, wamesajiliwa wangapi?”

“Mkuu, wameshauriwa kwa kina.”

“Nimeuliza waliosajiliwa.”

“Bado hajafika wa kwanza. Ila foleni inasonga.”

“Karani wako amemaliza kufuma sweta na ameanza la pili,” akasema. “Nani hapa anaweza kunieleza kinachoendelea?”

Binti akasimama, akaeleza. Hakutumia hata nusu dakika, jambo linaloonyesha jinsi alivyokosa uzito. Mkuu akachukua waraka wangu, akaufungua katikati, akasoma, akaufunga.

“Kwa wanafunzi nimeufuta sasa hivi. Barua tu inatosha. Niitieni wahadhiri wanane wakae na karani mezani, na saa kumi isimkute mtu nje.” Kisha akanigeukia kwa sauti tamu kabisa. “Ila kwa watumishi wa idara yako ubaki. Ni waraka mzuri.”

Vijana wakamiminika ndani. Maafisa wangu watatu wa madirisha, waliokuwa wametoka kuona kelele ni za nini, wakanifuata tukielekea mlangoni. Mlinzi akaweka mkono mbele ya kifua changu.

“Cheti, mkurugenzi.”

“Wewe, si unanijua?”

“Nakujua sana. Kifungu cha tisa kinasema mtu yeyote. Hakijasema asiyejulikana.”

“Mimi ndiye niliyekiandika!”

“Umekiandika vizuri, mzee. Hakina mwanya.”

Binti alisajiliwa saa kumi kasoro dakika sita. Niliona kwa nje, kupitia kioo. Shangazi alimkumbatia karani, sweta na sindano zake zote, akalia kwa sauti bila kujali itifaki.

Leo ni Jumatatu. Sisi wanne tumo kwenye foleni tangu alfajiri. Dirisha la Kwanza limefungwa, kwa kuwa Bwana Subiri yupo mbele yangu. La Pili na la Tatu vilevile, kwa sababu hiyohiyo. Na wote hatuwezi kuingia kuyafungua mpaka tupate cheti. La Nne ni langu mwenyewe, na mhuri wa cheti umo kwenye droo ya meza yangu, ghorofani, kando ya chai iliyopoa. Barua yangu ya kuomba ufafanuzi imerudishwa, haina mihuri mitatu.

Saa nne binti amepita akiwahi darasani ndani ya sare nyeupe iliyomkaa sawasawa. Ametuamkia kwa adabu, mtu mmoja mmoja. Shangazi alikuwa amembebea vitabu, na yeye hakupita. Amesimama, ametutazama tukipita, ametusubiri mpaka tumezunguka na kumfikia tena.

“Hivi, baba,” akaniuliza, “foleni hii inakwenda wapi?”

Nimemjibu kwa heshima zote kwamba maswali yanahusu Dirisha la Tatu. Afisa wa Dirisha la Tatu alikuwa nyuma yangu, anachechemea, ameshika viatu mkononi. Nikamwomba shangazi asogee pembeni kidogo, maana foleni ilikuwa inasonga.