Kazi Yangu Si Umbea

Jumamosi, 3 Mei 2025
Shuaib wa kisiwa cha Kiwayu amemposa mjukuu wangu Razan. Wanataka jibu Ijumaa. Nikasema kijana huyu nitamchimba hadi mizizi. Mke wangu Alawiya akasema huo ni umbea. Umbea! Mimi, niliyefika darasa la tatu! Akasema basi ni kuulizia, ndivyo walivyoita bibi zetu. Kuulizia ni kwa bei ya samaki changu. Juu ya daftari nimeandika UPELELEZI. Razan akalia, eti Babu utaniharibia. Furaha hiyo.

Jumatatu, 5 Mei
Kiwayu. Nikajitambulisha dukani: mpelelezi kutoka Lamu. Duka likafungwa. Mbele yangu! Bibi mmoja akasema dirishani mwanawe hayupo, tena hajawahi kuzaa. Chifu akaniweka mpaka adhuhuri, akampigia Alawiya aseme mimi nani. Sijui alisema nini. Chifu alicheka mpaka akashika meza.

Jumanne, 6 Mei
Nimelala huku huku. Upelelezi nimefuta, nimeandika UTAFITI. Ajabu! Wanawake wakapanga foleni. Kila mmoja akaniamuru niandike kuwa tangi la maji limetoboka. Kurasa tisa za tangi. Za Shuaib, hata nukta.

Jumatano, 7 Mei
Nyumbani Lamu, mtaa wa Langoni. Alawiya amepiga simu moja kwa rafiki na somo yake wa Kiwayu: kijana anaswali, anapika hotelini, hana deni wala hasira. Bahati tu. Hata daftari Alawiya hana.
Baada ya laasiri mgeni akaketi barazani kwangu. Bwana Bakr, mpole. Aliuliza tu, habari za nyumbani, mzee? Mtu ana adabu! Nikampa zote. Chifu, tangi, Razan anavyokoroma, Alawiya alivyonifungia nje mwezi wa Rajabu. Akanywa vikombe vinne, hakuandika neno. Maskini, pengine hajui kuandika.

Ijumaa, 9 Mei
Bakr ni ami yake Shuaib! Alikuja kutuulizia sisi! Ameingia na wazee wao, anatabasamu. Alawiya amejibu ndiyo. Nao wameridhika na Razan, hata na kukoroma kwake. Sharti moja: babu asikanyage Kiwayu mpaka nikaha ipite. Razan akanishika mkono, nambie ndiyo Babu, wallahi nambie. Nikaapa.
Lakini huyu Bakr! Mtu mwenye kuchokoa habari za watu namna ile, lazima ana lake. Ni haki achimbwe.
Kiapo ni kiapo. Mimi sikanyagi Kiwayu. Boti ya kesho asubuhi anapanda afisa wa SENSA.