Lundo Likiisha, Wimbo Umeisha

Jumatatu, 7 Julai
Leo nimeanza rasmi kazi ya kutunga muziki wa filamu. Mwajiri wangu bado hajaambiwa.

Ni dada Victoria, mwongozaji wa filamu kutoka Dar es Salaam. Amefikia nyumba ya wageni hapa Milanzi, anatafuta mtunzi. Nikaenda na kinanda begani. Akanionyesha kipande kimoja kisicho na sauti: mama anapura ulezi peke yake. Mwanawe amezama ziwani, naye hajaambiwa. Dakika mbili, mama anapiga masuke tu. Mungu wangu! Nilisahau hata kuketi. Sikujua mikono ya mtu inaweza kunifanyia hivyo.

Anataka muziki unaotoka humu humu Ufipa. Jumamosi atatusikiliza waombaji, kisha atachagua mmoja. Nikamwambia mimi nimeshatunga, uko kichwani. Kichwani mlikuwa na upepo mtupu.

Nikikosa hii nitapiga kinanda kwenye harusi mpaka nizeeke.

Jumanne, 8 Julai
Nimetunga! Kinanda changu kina sauti ya filimbi, ya tarumbeta na ya ndege. Nimezitumia zote. Jirani yangu mama Coleta amekuja kuuliza kama tumefiwa. Dalili njema kabisa, maana filamu yenyewe ni ya huzuni.

Jioni nikapita kwa Polikarp, mwalimu wa kwaya, kuazima pampu ya baiskeli. Sina baiskeli. Naye ameomba kazi ile ile! Kompyuta yake inapiga fidla kama arobaini kwa pamoja, utadhani Ulaya nzima inanyeshewa. Nikamwambia si mbaya, ila haina Ufipa ndani. Nilitoka nimesahau pampu. Ilikuwa nzuri, mshenzi yule.

Jumatano, 9 Julai
Mbinu mpya: kuiba wimbo halisi. Nimekwenda kijijini kwa shangazi Marsiana, njia ya Matai, ambako yeye na wenzake wanapura. Nilikusudia kusimama pembeni na simu ikirekodi mfukoni. Kumbe uwanjani pale hakuna kusimama. Nimesema shikamoo, nimeitikiwa marahaba, nimeshikishwa fimbo.

Shangazi akaita, wanawake wakaitikia, fimbo zote zikashuka pamoja. Ardhi ikajibu! Niliisikia miguuni. Mwili ulinisisimka, machozi yakanitoka, nikasingizia makapi.

Nikauliza wimbo una beti ngapi. Shangazi akacheka mpaka akaegemea fimbo. “Beti? Weee Urbano! Tazama lundo. Lundo likiisha, wimbo umeisha. Ukiukata lundo lingali limesimama, umeialika njaa nyumbani.” Nikaitikia ndiyo shangazi, ndiyo. Nilikuwa nawaza tuzo.

Simu imerekodi upepo, na mimi nikihema.

Ijumaa, 11 Julai
Basi, nitawaleta wenyewe. Shangazi amekubali. Nimemwomba waje na masuke yao, tena mengi, yajaze pikapu. Wingi ndio heshima. Polikarp aje na kompyuta yake tuone.

Jumamosi, 12 Julai
Ukumbi wa parokia. Turubai chini, lundo juu yake likinifika kifuani. Picha ikawashwa ukutani, shangazi akaita. Nywele zilisimama. Fimbo zao na fimbo ya yule mama wa ukutani zilishuka pamoja, kama wamezaliwa tumbo moja!

Dakika mbili zikaisha. Ukuta ukawa mweupe. Wanawake wakaendelea.

Nikapunga mkono. Wakaendelea. Nikapiga tarumbeta ya kufungia kwenye kinanda. Shangazi hakugeuza hata shingo. Nikaona nipunguze lundo, nikaanza kuburuta masuke kwa siri kuelekea mlangoni. Shangazi akanirudisha kwa kidole, bila kuacha kuimba, akanipa fimbo. Polikarp aliyekuwa akisubiri zamu yake akapewa fimbo. Dada Victoria akaomba fimbo mwenyewe!

Tulipura asubuhi yote. Makapi yakapaa kwenye mwanga wa madirisha, ukumbi ukawa wa dhahabu. Sikuwahi kuwa ndani ya kitu kikubwa namna ile. Suke la mwisho likapigwa, wimbo ukatua wenyewe. Hakuna aliyekohoa, hata Polikarp, na alikuwa amemeza makapi ya kutosha. Akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba sisi wawili hatujawahi kutunga kitu.

Dada Victoria alikuwa analia. Amesema picha ndiyo itaufuata wimbo: yule mama atapura mpaka lundo liishe. Mtunzi ni Marsiana. Mimi jina langu litaandikwa mwishoni: mbeba ulezi.

Jumapili, 13 Julai
Dada Victoria alirekodi yote ya jana. Amenipa nakala nimpelekee shangazi. Nimeisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kula, nikalia tena. Sijasikia kitu kikubwa kuliko hicho maishani mwangu, na sidhani nitasikia.

Ila ni ndefu.

Nimeikata, imebaki dakika mbili. Nimeweka tarumbeta mwanzoni na ndege kidogo mwishoni. Kesho nampelekea dada Victoria. Atashukuru.

Shangazi kapiga simu sasa hivi. Panya wameingia ghalani, wanamaliza ulezi, hajapata kuona panya wengi hivyo. Nimempa pole sana, nikarudi kwenye tarumbeta.