Bata Aliyekataa Mswaki

Jumanne, 5 Agosti

Nimefika kongamanoni. Washairi wa watoto thelathini na mmoja chini ya paa moja! Kila mtu ana begi dogo la nguo na begi kubwa la maandishi. Mimi nimebeba nakala tatu za mswada wangu, endapo mbili zitaibiwa.

Habari kubwa: Mama Mhariri yupo. Yule yule wa kampuni ya vitabu. Katibu wa kongamano ametangaza kwamba mama huyu atachagua diwani moja tu ya mashairi, ichapishwe kwa ajili ya madarasa ya chini. Moja! Niliruka hadi nikamwaga maji kwenye daftari la jirani. Mswada wangu umekaa miaka kumi na mmoja kwenye droo ya mashuka. Nimefundisha darasa la pili muda wote huo, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba kitabu cha mwalimu kinakuja. Wa kwanza kuambiwa sasa wana ndevu.

Habari mbaya: Malkia naye yupo. Huyu tulisoma naye chuo cha ualimu. Watu wanamwita Malkia wa Vina, na yeye anajifanya kuona haya. Alinikumbatia mlangoni, akaniambia kaka, umenenepa vizuri. Vita vimeanza.

Mchana nikafanya kazi ya kwanza. Kwenye meza za chakula kuna vikadi vya majina. Changu kiko mwisho wa ukumbi, pembeni ya Malkia. Cha mwenyekiti wa chama cha maktaba kiko ubavuni mwa Mama Mhariri. Nikavibadilisha haraka, huku nikijidai natafuta chumvi.

Nikakaa. Nikatengeneza kola. Mama Mhariri akaja, akakaa, feni ikampiga shingoni, akakohoa mara mbili, akainuka kutafuta kiti kingine. Mwenyekiti wa maktaba alikuwa hajafika. Kiti pekee kilichokuwa wazi ni kile nilichokikimbia mimi. Wakala pamoja na Malkia saa nzima, wakicheka. Mimi nilikula na fundi wa mashine ya kurudufu, akanieleza habari za wino mpaka matunda yalipoletwa.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi Malkia alisoma shairi lake la jino lililong'oka likakimbilia chini ya kitanda. Ukumbi mzima hoi. Na mimi nilicheka, lakini niliwahi kukigeuza kicheko kuwa kikohozi. Jirani akanipa dawa ya kifua. Nimeinywa, ningefanyaje.

Wakati wa chai Malkia akaniomba asome mswada wangu. Nikampa kurasa nne tu, tena zisizofuatana. Akasema shairi langu la kitoto cha bata na mswaki ni zuri kuliko mengine yote. Halafu akauliza, taratibu, kama bata ana meno. Nikamjibu kwamba hapa ni kwenye ushairi, si kwenye zizi. Akacheka, akaniambia yeye amekataliwa na kampuni ile ile mara tatu, kwa hiyo nisiogope. Mbinu! Anataka nimwonee huruma.

Ratiba imebandikwa. Kesho watoto arobaini wa shule ya jirani wataletwa ukumbini. Washairi watano tutawasomea. Mama Mhariri atakaa nyuma kabisa, hatatutazama sisi, atawatazama watoto. Katibu amesema wazi: kitabu kitakwenda kwa yule ambaye watoto watamwitikia vizuri. Mimi wa nne. Malkia wa tano, wa mwisho.

Nimekaa ngazini nikiwaza. Mashairi ya Malkia yana viitikio. Bila watoto kuitikia, yeye ni mwanamke mwenye karatasi. Sasa mtoto haitikii akiwa na nini? Akiwa na kitu mdomoni!

Nikaenda duka la ng'ambo ya barabara, nikanunua tofi, zile za maziwa zinazogandisha mataya. Nimejaribu moja mwenyewe. Mke wangu alinipigia simu wakati huo huo akauliza nimepatwa na nini, mbona naongea kama nimefungwa plasta. Zimefaulu mtihani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimtazameje mtu usoni baada ya leo? Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu watoto wakafika, wamepangwa kwa kimo. Nikamvuta pembeni mwalimu wao wa darasa, nikamkabidhi mfuko. Nikamwambia ni zawadi kutoka kwa mpenda watoto asiyetaka kujulikana. Awagawie pale tu mshairi wa tano atakaposimama, si kabla. Akasema sawa, mwalimu mwenzangu. Mtu makini sana yule. Makini kupita kiasi.

Washairi wa kwanza wakasoma. Mimi nilikuwa natoka jasho. Hofu ya mhalifu, lakini Malkia akadhani ni hofu ya jukwaa. Akaninong'oneza: kaka, tulia, nitatangulia mimi, wewe ufunge. Anayefunga ndiye anayekumbukwa.

Anayefunga! Heshima kama hiyo, na kaitoa mwenyewe! Nikaona amejikaanga kwa mafuta yake. Nikakubali mara moja. Katibu akabadilisha. Malkia akasoma, watoto wakaitikia hadi madirisha yakatetemeka. Sikujali, nilikuwa nanyoosha tai.

Nikaitwa. Nikapanda. Nikainua macho, nikamwona yule mwalimu anapita kati ya safu na mfuko wangu. Mshairi wa tano amesimama. Mshairi wa tano ni mimi!

Nilitaka kusema acheni. Nilitaka kuzimia, ila sakafu ilikuwa ya saruji. Nikaanza, kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu yake:

Njoo kitoto cha bata, na mswaki wakungoja,
Fungua mdomo wako, nisugue moja moja!

Hapo watoto walitakiwa kujibu kiitikio nilichokitunga kwa wiki mbili: Naufungua mamangu, kwa utii na nidhamu. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha tangu jana, katibu alipompelekea viitikio vyetu. Arobaini walijaribu. Mataya hayakuachana. Kilichotoka ni: "Mm-mm!"

Na vichwa vikatikisika. Vyote. Kushoto, kulia.

Sikuwa na la kufanya, nikasoma ubeti wa pili. Fungua mdomo wako! "Mm-mm!" Sasa kwa nguvu zaidi, na macho yanacheka. Ubeti wa tatu wakaziba midomo kwa mikono. Wa nne, msichana mmoja wa mbele akaingia chini ya kiti na wenzake kumi wakamfuata. Nikajikuta nateremka jukwaani nikiwakimbiza kwa kalamu badala ya mswaki, fungua, fungua, nao wanazunguka ukumbi, mate yanawatoka, mm-mm, mm-mm! Nimefundisha miaka mingi. Sijawahi kuona watoto wanalipenda neno langu lolote kiasi kile, na neno lenyewe sikuliandika mimi.

Nyuma kabisa Mama Mhariri alikuwa amevua miwani anajifuta machozi. Malkia ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Ijumaa, 8 Agosti

NIMECHAGULIWA! Nimeandika kwa herufi kubwa, na ningekuwa na kubwa zaidi ningezitumia.

Mama Mhariri aliniita ofisini kwa katibu. Akasema, mwalimu, miaka yote naletewa mashairi yanayomwambia mtoto keti, oga, salimia. Jana kwa mara ya kwanza nimesikia shairi linalompa mtoto nafasi ya kukataa. Akaniuliza wazo la tofi nililipata wapi. Nikatazama dari, nikasema ni utafiti.

Kuna sharti. Kile kiitikio cha utii na nidhamu kifutwe. Na mashairi mengine yalegezwe, maana yamekaza shingo. Malkia atanisaidia kuyapitia, ameshakubali.

Nikaenda msalani nikalia. Kweli nimelia, kwa raha. Nikampigia mke wangu. Alipiga kigelegele, na pacha wetu wakapokea nao bila kujua cha nini. Nikamsimulia yote. Akasema: "Baba Pacha, nenda kamwambie yule dada ukweli. Sasa hivi, kabla hujala."

Nikaenda. Nikamkuta Malkia anafunga begi. Nilipofika kwenye neno tofi akaangua kicheko. Kumbe mwalimu wa darasa alishamweleza tangu jana. Akasema hakuna mtu aliyewahi kuhangaika hivyo kwa sababu ya mashairi yake, hata mumewe. Alijua, na bado alikubali kunisaidia! Nikamwomba radhi. Akasema kaka, bata wako alistahili, wewe ndiye ulikuwa unamzuia.

Naweka nadhiri hapa, kwa tarehe na siku: hila basi. Kuanzia leo mimi ni mtu mnyoofu.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumbani. Pacha wamenizunguka nyumba nzima wakisema mm-mm. Wamekataa kuoga, kulala na kufunga mlango. Raha tupu.

Barua ya Malkia imefika kwa simu. Ameanza na shairi langu la Utiifu, beti kumi na mbili. Anapendekeza zibaki mbili. Mbili! Shairi ambalo mkuu wa shule aliwahi kulisikiliza akiwa amesimama! Na Mama Mhariri amekubaliana naye.

Sibishani. Nimeshasema mimi ni mtu mnyoofu. Lakini kitabu ni cha watoto, na sauti ya mtoto isikike. Nimekaa mezani, nikachukua kalamu ya risasi, nikaandika kwa mkono wa kushoto:

"Shikamoo Mama Mhariri. Mimi ni mtoto wa miaka saba. Kwa maoni yangu, beti zote kumi na mbili za Utiifu zina muwala wa hali ya juu, na kuzipunguza kutaathiri maendeleo yangu kimaadili. Wenzangu wote wa darasani wameafiki. Nakupenda."

Pembeni nimechora jua lenye macho. Nani atashuku? Mke wangu kaingia akaniuliza naandika nini kwa mkono huo. Nikamwambia natafuta mtindo mpya.

Nimeifunga kwa gundi, kesho asubuhi naipeleka posta. Nyuma ya bahasha nimeandika jina langu kamili na sanduku langu la barua, ili jibu la mtoto lisipotee njiani.